Daytona siku ya mbio: mwongozo kamili, kuanzia tiketi hadi Jumatatu

Mtu akirudi kutoka mbio za magari za Daytona, Florida, amenuna, mara nyingi kosa halikufanyika uwanjani. Alikata tiketi ya safu ya tatu kutoka chini kwa kudhani kukaribia ndiko kuona, akakaa saa tatu na nusu bila kujua nani anaongoza. Alikwenda bila vizibo vya masikio, masikio yakamlia hadi Jumanne. Na ndege yake ilikuwa ya Jumatatu alfajiri: Jumapili mvua ikanyesha, mbio zikasogezwa, akazitazama kwenye simu akiwa foleni ya ukaguzi uwanja wa ndege wa Orlando. Kiti, masikio na Jumatatu ndiyo mambo matatu yanayobeba safari hii, na yote huamuliwa kabla hujatoka nyumbani.

Unakwenda kuona nini hasa

Daytona International Speedway upo mjini Daytona Beach, jimbo la Florida, Marekani, kando ya barabara ya US-92, na kwa nyuma umepakana na uwanja wa ndege wa mji. Ulijengwa na Bill France Sr., mwanzilishi wa NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizi za magari, ukafunguliwa 1959. Kabla ya hapo magari yalishindana ufukweni kwenyewe: kwenda ni mchangani, kurudi ni lami ya barabara ya A1A, na kona mbili za mchanga kuunganisha.

Mzunguko mmoja una maili 2.5, yaani kilomita 4. Kona zake zimelala digrii 31. Kwa hesabu ya fundi ujenzi, kila mita 10 unazosogea kwa usawa unapanda mita 6. Mapaa mengi ya bati mitaani kwetu hayafikii mwinuko huo. Udongo wa kuinulia kona ulichimbwa hapohapo katikati ya uwanja, na shimo lililobaki likawa Ziwa Lloyd, ambalo bado lipo na maji yake. Mwaka 1960 dereva Tommy Irwin alitumbukia humo na gari lake.

Magari utakayoyaona yana majina unayoyajua: Toyota Camry, Ford Mustang, Chevrolet Camaro. Usidanganyike. Ndani hakuna Camry. Kuna fremu ya mabomba ya chuma, injini ya V8 ya karibu lita 5.9, kiti kimoja, na milango isiyofunguka; dereva huingilia dirishani. Taa za mbele ni stika. Mchezo huu ulianza miaka ya 1940 kwa magari ya kawaida kabisa ya dukani, na sura ndiyo iliyobaki.

Mbio kubwa zaidi ni Daytona 500, kila Februari: mizunguko 200, maili 500, ambazo ni kilomita 805. Umbali huo unakaribia Dar es Salaam hadi Mbeya. Basi la alfajiri hukaa njiani siku nzima. Hapa kazi huisha kwa saa tatu na nusu hivi, pamoja na kusimama kujaza mafuta.

Chagua siku kabla ya kuchagua kiti

Wiki ya Daytona 500 si siku moja. Mpangilio wa miaka ya karibuni ni huu: Jumatano usiku magari hukimbia moja moja kutafuta muda, na mawili yenye kasi zaidi hupata safu ya mbele ya Jumapili. Alhamisi usiku kuna mbio mbili za kufuzu zinazoitwa Duel, kila moja mizunguko 60, ambazo hupanga nafasi zilizobaki. Ijumaa ni zamu ya pikapu, Jumamosi daraja la pili, na Jumapili magari makubwa, 40 hivi.

Kwa mwenye bajeti ndogo tunapendekeza Alhamisi bila kusita. Unaona madereva walewale, magari yaleyale, mbio mbili kwa tiketi moja, na bei iko chini sana kuliko Jumapili. Tena kuna presha ya kweli: timu nyingi zina nafasi ya uhakika Jumapili, lakini zisizo nayo zinagombea viti vichache, na atakayekosa anafunga virago usiku uleule.

Mwezi Agosti kuna mbio nyingine za maili 400, mizunguko 160, ambazo kwa kawaida hufanyika Jumamosi usiku chini ya taa. Tiketi ni nafuu na hoteli pia. Ila Agosti ya Florida ni joto la Tanga na ngurumo za radi kila jioni, na radi ikipiga ndani ya maili 8 kila kitu husimama kwa dakika 30, kisha hesabu huanza upya ikipiga tena. Januari kuna mbio za saa 24, lakini hizo ni za magari ya aina nyingine na hutumia pia njia ya kona-kona iliyo ndani ya uwanja. Ukienda Januari ukitegemea kuona NASCAR utashangaa.

Kiti: panda juu

Majukwaa yote yako upande wa mbele, sambamba na US-92. Yale ya upande wa nyuma yaling'olewa katika ukarabati uliokamilika 2016, ulioacha uwanja na viti zaidi ya 100,000. Ukikaa, unatazama upande wa kusini. Magari hutokea mkono wako wa kushoto, kwenye kona ya 4, na kupotelea kulia, kwenye kona ya 1.

Kanuni ni moja: kati ya kiti cha chini katikati na kiti cha juu pembeni, chukua cha juu. Sababu ni hii. Gari linalokwenda kilomita 300 kwa saa hula mita 83 kwa sekunde. Ukiwa safu za chini, uzio wa nyaya uko mbele ya macho yako, na kundi zima la magari 40 linapita kama mtu aliyefungua na kufunga mlango. Halafu unasubiri sekunde 45 au zaidi huku huoni kitu. Ukiwa juu unaona upande wa pili, wenye urefu wa futi 3,000, ambako mipango yote ya kupitana husukwa. Zaidi ya hayo, safu za chini hupokea vipande vya mpira vinavyobanduka kwenye matairi. Vinaingia kwenye soda, kwenye nywele, kila mahali.

Pembeni wapi? Upande wa kona ya 4 unaona magari yakitoka konani na kuingia njia ya piti, yaani pa kujazia mafuta na kubadilishia matairi, na kwenye mzunguko wa mwisho unaona nani amejipanga wapi. Upande wa kona ya 1 unaona wanavyominyana baada ya kuanza upya. Sehemu hiyo mara nyingi ndiyo yenye tiketi rahisi. Mstari wa kumalizia, katikati, ndio ghali kuliko kote, na kwa maoni yetu fedha hiyo ya ziada ni afadhali kuitumia kwa pasi ya Fanzone.

Pasi hiyo hukuingiza uwanja wa ndani, hadi kwenye gereji. Gereji zina madirisha ya vioo. Unasimama futi chache kutoka kwa fundi aliyelala chini ya gari, na kwenye kioo kuna mwanya mdogo wa kupitisha karatasi ili dereva aisaini. Nenda na kalamu ya wino mzito, kwani ya kawaida haishiki kwenye kofia.

Nunua tiketi kwenye tovuti ya uwanja wenyewe au kwa simu yao. Tiketi ni za simu, si karatasi, kwa hiyo ukiletewa picha ya tiketi na mtu wa mtandaoni, hujauziwa kitu.

Kufika

Anayetoka Afrika Mashariki aanze na viza, kisha tiketi ya mbio, kisha ndege. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kubaki na tiketi ya kutazama ukutani. Sheria za viza za Marekani hubadilika na hazifanani kwa nchi zetu zote, kwa hiyo soma ukurasa wa ubalozi wa nchi yako mwezi uleule unaoomba. Kutoka Nairobi Kenya Airways huruka moja kwa moja hadi New York, na kutoka hapo unashuka Florida kwa ndege ya ndani.

Uwanja wa ndege wa Daytona ni mdogo, unafikika zaidi kupitia Atlanta au Charlotte, na wiki ya mbio nauli zake hupaa. Orlando ni mwendo wa saa moja kwa gari siku ya kawaida na ndio njia ya wengi. Ukitoka huko fuata barabara kuu ya I-4 kuelekea mashariki hadi Daytona, kisha US-92. Kwenye I-4 kuna njia za katikati zilizoandikwa Express. Hizo hulipiwa kwa kamera, na kampuni ya kukodisha gari itakutoza deni hilo pamoja na ada yake. Kaa njia za kawaida. Anayetoka kaskazini au kusini kwa I-95 atoke namba 261.

Hoteli za Daytona Beach wiki hiyo hupandisha bei mara kadhaa na nyingi hulazimisha kukaa usiku tatu au zaidi. Tafuta DeLand, Palm Coast, St. Augustine au Orlando kwenyewe. Wenzetu walioko Marekani wanaokuja kwa gari kikundi huona unafuu kupanga nyumba nzima nje ya mji wakagawana.

Sasa hili lisomeke mara mbili: weka ndege ya kurudi Jumanne. Mwaka 2012 Daytona 500 ilikimbiwa Jumatatu usiku. Mwaka 2020 ilianza Jumapili ikamaliziwa Jumatatu. Mwaka 2024 ilisogezwa yote hadi Jumatatu. Sababu tutaieleza mbele kidogo.

Mfuko

Uwanja unaruhusu kuingia na chakula na vinywaji vyako, jambo ambalo wengi hawalijui wakaishia kununua maji kwa bei ya nyama. Kikapu cha baridi kiwe cha kitambaa laini, kisizidi inchi 14 kila upande, yaani sentimita 35. Kigumu cha plastiki kitarudishwa getini, na chupa ya kioo pia. Angalia masharti ya mifuko kwenye tovuti ya uwanja wiki yenyewe ya mbio, kwa sababu walinzi hupima kweli.

Weka pia kadi ya benki (vibanda havitegemei noti), betri ya akiba ya simu, kofia, mafuta ya kukinga jua, koti la mvua la plastiki na sweta. Mwavuli acha, unaziba wa nyuma. Sweta watu hulicheka hadi saa kumi na moja jioni, jua likishuka na upepo wa bahari ukiingia jukwaani. Februari ya Daytona mchana ni kama Arusha mwezi wa Juni kukiwa na jua, usiku ni Arusha ya Juni bila jua.

Na pakua tiketi kwenye simu ukiwa hotelini. Watu laki moja wakifungua simu pamoja, mtandao hulala, na geti halisubiri.

Masikio

Kelele za magari 40 hupita desibeli 100 jukwaani kwa urahisi, na zinakaa hivyo kwa saa kadhaa. Kinachotakiwa ni vizibo vya sponji, vile vya viwandani, vinavyouzwa kwa senti chache duka lolote la vifaa. Tatizo ni kwamba wengi huvichomeka kama vifungo vya shati, nusu nje, visifanye kazi. Vinavyovalishwa:

1. Viringisha kizibo kati ya vidole viwili hadi kiwe chembamba kama njiti, kisicho na mkunjo.
2. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, ulivute juu na nyuma. Hapo tundu linanyooka.
3. Ingiza kizibo haraka, kabla hakijafura, kisha kishikilie kwa kidole kwa sekunde 20 hadi 30.
4. Jipime: sauti yako mwenyewe isikike nzito, kama unaongea ndani ya pipa. Mwenzako akitazama kutoka mbele asikione kizibo kikichungulia.

Pakiti huandikwa NRR 33 au namba karibu na hiyo; ni kipimo cha desibeli ambazo kizibo hupunguza. Usiipunguze moja kwa moja kwenye kelele. Wakaguzi wa kazi Marekani hutoa 7 kwenye namba hiyo, wakagawa kwa mbili. 33 inakuwa 13 tu. Kuvaa vizibo na juu yake vifuniko vya masikio huongeza kama desibeli 5, haijumlishi namba zote mbili. Kwa watoto wadogo tumia vifuniko vya saizi yao, na vivalishwe kabla ya injini kuwashwa. Mtoto akishashtuka, hutamvalisha tena.

Skana, na yule utingo wa juu ya paa

Bila redio unaona magari. Ukiwa nayo unaona mbio. Kila dereva huongea na timu yake kwa redio iliyo wazi, na mtazamaji anaweza kusikiliza. Skana, yaani redio ya kunasa mazungumzo hayo, hukodishwa uwanjani pamoja na vifuniko vya masikio vyenye spika; utaacha kadi yako kama dhamana. Njia ya bei nafuu ni programu ya simu ya NASCAR: vaa spika ndogo za ndani ya sikio, halafu juu yake vifuniko vikubwa vya kuzuia kelele. Usishindane na injini kwa kuongeza sauti.

Unayemsikia zaidi si dereva. Ni spota, mtu wa timu anayesimama juu kabisa ya jukwaa. Dereva amefungwa kitini, haoni ubavuni wala nyuma vizuri, basi spota humwambia: kuna gari ndani, bado yuko, yuko mlangoni, kweupe. Aliyewahi kupanda daladala akaona utingo amening'inia mlangoni akimwambia dereva "twende, kushoto kweupe" ameshaelewa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba hapa akikosea neno moja magari 20 yanagongana.

Ushauri wa kusikiliza: chagua dereva mmoja ukae naye. Anayehamahama chaneli hutoka na makelele tu.

Siku yenyewe

Daytona 500 huanza mchana, mara nyingi kati ya saa saba na nusu na saa tisa. Kumbuka ratiba imeandikwa kwa saa za kizungu, 2:30 ni saa nane na nusu, na waliobaki nyumbani Afrika Mashariki wahesabu saa nane mbele, yaani saa nne na nusu usiku.

Fika saa tano kabla ya mbio kuanza. Kuna maegesho ya kulipia yaliyo karibu, ambayo hununuliwa mapema, na ya bure yaliyo mbali yenye mabasi ya kupeleka watu. Ukiegesha, piga picha bango la namba ya eneo na mti au nguzo iliyo karibu. Magari ya kukodi yote ni meupe na yote yanafanana.

Ukiwa na pasi ya kuingia ndani, shuka mapema kwenye nyasi za mbele ya jukwaa. Kwenye mstari wa kumalizia watu huandika majina yao juu ya lami, na hapo inafaa kuinama uguse: mbio za kwanza za 1959 Lee Petty na Johnny Beauchamp walivuka mstari pamoja, Beauchamp akatangazwa mshindi, na ikachukua siku tatu za kukagua picha kabla ya Petty kupewa ushindi. Tazama pia ukuta wa nje. Si zege tupu. Mbele yake kuna mabomba ya chuma ya mraba yaliyojazwa sponji nyuma ili yale nguvu ya mgongano. Dale Earnhardt alifariki hapa, kona ya 4, mzunguko wa mwisho, Februari 18, 2001. Baada ya hapo kuta za namna hii zilienezwa viwanjani na mkanda wa kushikilia shingo ukawa lazima kwa kila dereva.

Kusoma mbio

Injini za Daytona hubanwa hewa makusudi. Mwaka 1987 gari la Bobby Allison lilipaa kwenye uwanja ndugu wa Talladega likararua uzio wa watazamaji, na tangu 1988 NASCAR hupunguza nguvu kwenye viwanja hivi viwili. Matokeo yake ni kwamba hakuna gari lenye nguvu ya kuwaacha wenzake. Kinacholipa kasi ni upepo. La mbele linapasua hewa, la nyuma linajificha kwenye upenyo wake, na yote mawili huenda haraka kuliko moja peke yake. Ndiyo maana utaona dereva akitoka kwenye mstari ili apite, halafu asipofuatwa na mtu anarudi nyuma nafasi kumi kama aliyekanyaga breki. Kupita hapa ni kutafuta mwenzi wa kukusukuma, na mwenzi huyo ana mipango yake.

Mbio hukatwa sehemu tatu. Katika miaka ya karibuni ni mizunguko 65, 65 na 70, na wa mbele mwishoni mwa kila sehemu hupata pointi. Sehemu mbili za kwanza siku hizi zinaweza kuonekana zimepoa. Madereva wanabana mafuta ili wakae muda mfupi zaidi piti. Usilaumu tiketi yako. Huo ndio wakati wa kwenda msalani na kununua chakula: katikati ya sehemu, bendera ya kijani ikipepea. Bendera ya njano, ya kupunguza mwendo baada ya ajali, ikitoka, watu elfu kadhaa wanasimama pamoja na foleni inazunguka ngazi. Uwe kitini mizunguko mitano ya mwisho ya kila sehemu, na mizunguko 40 ya mwisho usiinuke kwa lolote.

Bendera nyingine: nyekundu, wote wasimame, nyeusi, gari fulani liitwe piti, nyeupe, umebaki mzunguko mmoja. Ajali ikitokea karibu na mwisho mizunguko huongezwa ili mbio zisiishie nyuma ya gari la usalama. Mwaka 2023 zilifika mizunguko 212, ndefu kuliko Daytona 500 zote.

Kwenye piti tazama mtu wa jeki. Gari linasimama, yeye analizunguka mbio, analiinua kwa kubonyeza mara chache, na tairi linatoka kwa nati moja tu ya katikati, si tano kama gari lako. Akidondosha jeki, hiyo ndiyo ishara ya dereva kuondoka. Akiwahi nusu sekunde, tairi linabaki nyuma.

Mvua ikija

Matairi ya mbio hizi hayana mifereji, na kwenye kona ya digrii 31 maji hayaachi kuchirizika. Kwa hiyo tone likishika lami, magari huegeshwa. Mashine za kupuliza hewa huzunguka kukausha, na mzunguko mzima unaweza kula saa mbili. Hapo ndipo Jumatatu inapozaliwa: mvua ya nusu saa saa kumi jioni ni usumbufu, mvua ya nusu saa kila baada ya saa moja ni siku nyingine.

Usitoke kwa hasira. Kuna taa, na wanaweza kuanza upya saa tatu usiku. Nusu ya mbio ikishapita, matokeo yanaweza kuhesabiwa yalipofikia. 2003 ziliishia mzunguko wa 109, 2009 wa 152. Zikisogezwa, tiketi yako ya simu ndiyo ya kesho, usiifute. Subiri tangazo kwenye ukurasa rasmi wa uwanja, maana jukwaani uvumi hukimbia kuliko magari.

Kutoka, na kesho yake

Bendera ya mwisho ikishuka, kaa. Foleni ya maegesho inaweza kuzidi saa mbili, na anayekimbilia gari anaisubiria ndani ya gari. Kula kilichobaki kwenye kikapu, tazama mshindi akisherehekea, rudisha skana kabla vibanda havijafunga.

Ukipata siku ya ziada, au ukipita Florida mwezi usio na mbio, kuna ziara za kuongozwa zinazoingia uwanjani, na jumba la makumbusho ya mbio za magari liko hapohapo. Siku za mbio ratiba ya ziara hubadilika, kwa hiyo weka nafasi kwanza. Humo kuna Blue Bird ya Malcolm Campbell, iliyokimbia maili 276 kwa saa kwenye mchanga wa Daytona mwaka 1935. Kuna pia gari lililoshinda Daytona 500 ya mwisho, ambalo hukaa mwaka mzima bila kuoshwa. Sogea karibu na boneti: vipande vya karatasi za rangi bado vimegandia kwenye vinywaji vilivyokaukia, na ubavuni kuna michubuko yenye rangi za magari ya watu wengine.

Kisha nenda ufukweni. Sehemu za ufukwe bado zinaruhusu magari kwa ada, mchana tu, mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, na maji yakijaa hufungwa. Kusini, kuelekea Ponce Inlet, kuna mgahawa wa The North Turn, umesimama pale ilipokuwa kona ya kaskazini ya zile mbio za mchangani. Soma kwanza mkataba wa gari lako, kwa maana kampuni nyingi hukataza mchanga. Likiwa lako, egesha kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, si ule mweupe wa juu unaozamisha tairi, na kabla ya kuondoka mjini pitia kuoshea, umwambie muoshaji apulize maji chini ya gari hasa. Chumvi haionekani hadi breki zianze kulia.